Muuzaji Aliyekataa Kuuza

Nyumbani, 2 Machi

Shemeji yangu Shati Jeupe,

Salamu kwanza, maana nikianza na gari utasema shemeji yako amepata mali akasahau adabu. Sisi ni wazima. Baba yako Mzee naye mzima, ila masikio yanazidi kugoma. Barua hii nampa dereva wa basi la mchana akuletee. Nikiwa kwenye usukani simu sishiki, na simu zenu huko dukani zinarekodiwa mpaka kikohozi.

Sasa gari. Ndugu yangu, hili gari! Ile pikapu ya marehemu kaka yako nilikuwa nikiiwasha alfajiri, mtaa mzima unajua nakwenda kuchukua wauguzi wa hospitali. Hili la umeme linatoka getini kimya, hata paka aliyelala ukutani hageuki. Wauguzi wanapanda, wanafunga mlango, wanasinzia. Juzi mmoja alilia. Nikamuuliza kulikoni, akasema zamu ilikuwa mbaya na tangu jana hajapata mahali pa kimya. Sikumwongelesha tena. Nikapita barabara ya mzunguko ili apate muda wa kumaliza.

Asante kwa kunihimiza. Uliniambia, "Chukua mwezi huu shemeji, mwezi ujao bei inapanda," nami nikauza pikapu haraka haraka, nikakopa benki iliyobaki. Roho iliniuma kuiaga pikapu, lakini sijuti.

Mzee ndiye kituko. Tangu aweke kiinua mgongo chake kwenye hisa za kampuni yenu, anaiita "kampuni yangu". Nikiingia uani anatoka na kitambaa. "Mkwe, endesha taratibu, hiyo ni mali yangu pia." Nikimuuliza sehemu ipi ni yake, anagusa kioo cha pembeni. "Hiki."

Na rafiki yangu mmoja, Mkunga wa wodi ya wazazi, ambaye mtu humsikia kabla hajamwona, kila jioni anakuja kulizunguka gari mara mbili mbili, haulizi kitu, anaondoka. Najua dalili za mtu aliyependa.

Wako,
Shemeji Dereva


Mjini, 9 Machi

Shemeji Dereva,

Barua yako nimewasomea wenzangu wawili hapa dukani, pale pa muuguzi kulia. Mmoja akasema huyo shemeji yako angekuwa muuzaji, sisi tungefunga virago.

Ukweli ni kwamba tunakuhitaji. Uwanja wa nyuma umejaa magari, yamepangwa safu kwa safu, mvua inayaosha na vumbi linayarudia. Watu wanasimama nje ya kioo, wanayatazama, wanasoma kibao cha bei, wanaondoka. Mshindani wetu wa ng'ambo ya barabara naye vivyo hivyo. Kiwandani wamepumzisha zamu ya pili. Lakini wakubwa wanasisitiza bei itapanda mwezi ujao, kwa hiyo kila anayeingia namwambia awahi. Ndivyo nilivyokwambia wewe, na nafurahi uliwahi.

Nikuambie jambo ambalo sikukuambia siku ile. Ulipolitoa gari uwanjani, kulikuwa na nafasi finyu ambayo hata dereva wetu wa kampuni huomba mtu amwongoze. Wewe ulitazama kioo mara moja, ukarudi nyuma, ukaondoka kana kwamba umelizaa wewe. Mlinzi aliniuliza ni nani yule. Nikamwambia kwa kiburi chote, "Mke wa kaka yangu."

Msalimie baba. Mwambie kioo chake nimekiombea dhamana ya miaka mitano.

Wako,
Shati Jeupe


Nyumbani, 23 Machi, Jumapili

Shemeji,

Leo siandiki kwa utani. Mkunga amedhalilishwa kwenye duka lenu.

Kumbe alikuwa anajiandaa kimya kimya. Jana, Jumamosi, akavaa vizuri, akapanda basi mpaka huko, hata mimi hakuniaga, alitaka kunishangaza kwa honi getini. Amekaa ndani ya gari analolitaka, ameshika usukani, pesa ya kuanzia iko tayari. Kijana mmoja wa kwenu akaanza kupiga chenga. Mara arudi Jumatatu, mara afikirie rangi. Mkunga akamwambia rangi ameshaifikiria. Basi yule kijana akamwambia ajaribu kwanza kama kiti kinamtosha, huenda akahitaji gari kubwa zaidi!

Mkunga ana mwili mkubwa, na hauonei haya. Lakini kuambiwa mbele ya watu, na mtoto ambaye huenda yeye ndiye aliyemzalisha mama yake! Akutukanaye hakuchagulii tusi, kweli, ila hili lilimchoma. Alirudi akasimulia hapa sebuleni. Nikamuuliza jina la huyo kijana, akasema hasira zilimziba macho hata hakusoma kibati cha jina kifuani. Wote mmevaa mashati meupe.

Mzee alisikia kila kitu, kwa kuwa Mkunga ndiye mtu pekee anayemsikia bila kurudiwa. Akasimama. Akapiga ile namba yenu ya huduma kwa wateja na kunguruma kama anahutubia uwanja. "Mimi ni mwenye hisa! Mtu analeta pesa, nyinyi mnamfukuza? Huyo muuzaji atafutwe, aitwe, ahojiwe! Nataka majibu!"

Nakuomba umtambue huyo mwenzako umwambie alichofanya. Wewe huwezi kufanya kazi meza moja na mtu wa namna hiyo.

Shemeji Dereva


Mjini, 25 Machi

Shemeji,

Huyo muuzaji namjua. Nakuomba, kama unanipenda, usimchukie bado.

Habari ya bei bila shaka imekufikia. Ilitangazwa jana asubuhi, na imeshuka kuliko yeyote kati yetu alivyowahi kuota. Mpaka saa nne mlango ulikuwa haufungiki. Wale waliokuwa wakisimama nje ya kioo wameingia. Alikuja mwalimu na mke wake na watoto, wakaketi wote ndani ya gari moja, hawataki kushuka. Wanasema betri sasa zinatengenezwa kwa gharama ndogo, na kwamba ni heri kampuni ipate kidogo kwa magari mengi kuliko kusubiri kingi kwa magari yanayopigwa mvua. Kiwandani zamu ya pili imeitwa irudi kazini. Nilimwona fundi mmoja wa zamu hiyo akiruka kama mtoto.

Na katikati ya shangwe hiyo nilikuwa nakufikiria wewe tu. Ulilipa bei ya zamani wiki chache tu zilizopita, kwa maneno yangu.

Sikujua, shemeji. Siku nilipokuuzia sikujua.

Shati Jeupe


Nyumbani, 28 Machi

Shemeji,

Nimesoma barua yako mara tatu natafuta pa kukuamini.

Madereva wa pale getini hospitalini wananicheka waziwazi. Gari langu la wiki chache tu sasa ni ghali kuliko jipya, na benki haijui kwamba bei imeshuka, inajua nilichosaini. Mzee anakaa na redio sikioni anasikiliza hisa zikiporomoka, chakula anakigusa tu. Hata kitambaa chake hajakishika wiki nzima. Anayefurahi hapa ni Mkunga peke yake. Amenunua Jumanne, kwa simu, kupitia tawi jingine, kwa bei mpya, na anatangaza wodini kwamba Mungu amemlipia tusi. Ndiyo nyumba yetu hii: mimi nalia kwa kuwa nilinunua, Mzee analia kwa kuwa anamiliki, na aliyefukuzwa anacheka.

Mzee anasema watu wa kampuni hujua mambo haya mapema. Anasema hakuna bei inayoshuka ghafla, kuna watu huketi chumbani wakapanga. Nikamwambia wewe si wa chumbani, wewe ni wa mlangoni. Akarudi kwenye redio yake. Hilo liliniumiza kuliko angebisha.

"Chukua mwezi huu," uliniambia. "Bei inapanda," uliniambia. Niliuza pikapu ambayo kaka yako aliipaka rangi kwa mikono yake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi sikutaka kabisa msemo huo uingie katika ukoo huu. Nijibu neno moja tu. Ulijua au hukujua?

Shemeji yako


Mjini, 4 Aprili

Shemeji,

Nimechelewa kwa sababu nimesimamishwa kazi, na kwa siku kadhaa sikujua nianze wapi kuandika.

Muuzaji aliyemfukuza Mkunga ni mimi.

Ijumaa jioni, tarehe ishirini na moja, wakubwa walituita chumba cha juu. Wakatuambia Jumatatu bei inashuka. Wakatuapisha tusiseme, si kwa mke, si kwa mama, maana habari ikivuja, wenye hisa watauza na mshindani atatuwahi. Niliapa. Hapo ndipo nilipojua kwa mara ya kwanza, na mtu wa kwanza niliyemkumbuka ni wewe. Sikulala.

Jumamosi duka lilikuwa wazi na bei ya zamani ilikuwa bado kibaoni. Walikuja wanunuzi wanne. Shemeji, sikuweza. Kusema siwezi, nimeapa. Kuuza siwezi, nakuona wewe ukitoka getini na lile gari huku unanipungia mkono. Basi nikawa mjinga. Mmoja nilimwambia chaja haijakaguliwa. Wa pili nikamwambia aje na mkewe achague rangi. Wa tatu nilimchosha kwa maelezo ya betri mpaka akaondoka mwenyewe. Halafu akaja yule mama ambaye hakuna kilichomtikisa. Niliishiwa uongo. Nikasema lile neno la kiti, na nilijua nimeharibu kabla sijafika mwisho wa sentensi. Sikujua ni Mkunga wako. Nilimwona tu mama amekaa ndani ya gari kwa furaha isiyofichika.

Sasa wananituhumu kwamba nilivujisha siri, kwamba wanne wale niliwanong'oneza wasubiri. Wakithibitisha hivyo, nafukuzwa, na baada ya hapo hakuna duka la magari litakaloniajiri. Uchunguzi ulianzia kwa malalamiko ya mwenye hisa mmoja. Walituwekea sauti yake iliyorekodiwa, mezani, mbele ya wote. "Huyo muuzaji atafutwe, aitwe, ahojiwe!" Bosi akaniuliza, "Unamfahamu mzee huyu?" Nikasema namsikia ana uchungu na kampuni. Nisingeweza kumtaja baba yangu pale, wakamcheka.

Usimwambie. Kikao ni Alhamisi. Akijua ni yeye aliyenichongea, hataishi na hilo.

Ama lile swali lako: sikujua. Lakini ushahidi sina, na siwezi kukulazimisha.

Shemeji yako


Nyumbani, 7 Aprili

Shemeji yangu, Shati Jeupe wangu,

Nimelia kwenye gari mpaka kioo kikaingia ukungu. Nimekuwa mpumbavu wiki mbili nzima.

Ushahidi unao, na umeniletea mwenyewe bila kujua. Mtu aliyehatarisha mkate wake kwa ajili ya mama asiyemjua hata jina, atawezaje kuniuzia mimi huku anajua? Nimejaribu kuyaamini yote mawili kwa pamoja, yamekataa kukaa katika kichwa kimoja. Basi nimechagua, na najiona mwenye bahati. Pesa niliyolipa zaidi imeniuma na itaendelea kuniuma kila mwisho wa mwezi, sitakudanganya. Lakini nimepata kumjua shemeji niliye naye. Kaka yako alikuwa akisema wewe ni mpole kupita kiasi, dunia itakukanyaga. Laiti angekuona Jumamosi ile, mpole uliyezuia duka zima kuuza!

Sasa sikiliza. Mkunga ameitwa kikaoni kama shahidi, maana wale wengine watatu hawakuacha hata namba ya simu. Mimi sitamweleza chochote. Hasira yake ni ya kweli, na akishajua ukweli atakwenda kukutetea kwa upole, na upole haumwendei hata kidogo. Aende vile alivyo.

Jambo gumu ni hili. Mzee naye ameitwa, kama mlalamikaji. Barua imefika Jumamosi. Amepiga pasi suti yake mwenyewe, amekataa nimsaidie. Anasema hisa zishuke zipande, lakini heshima ya mnunuzi haina soko. Anatembea uani akifanya mazoezi ya atakayoyasema. Umeniambia nisimwambie, nami nimefunga mdomo, ila nitakuwa nimembeba njia nzima kwa gari hili lisilo na kelele, na kwa mara ya kwanza natamani lingekuwa na kelele.

Uwe na moyo.

Shemeji yako anayejivunia,
Dereva


Mjini, 10 Aprili, Alhamisi

Shemeji,

Uliondoka na baba na Mkunga kabla sijakufikia pale nje. Acha nikusimulie, maana wewe ulibaki kwenye maegesho.

Baba aliingia amenyooka, kofia mkononi. Alisalimia meza yote, mmoja mmoja. Alipofika kwangu mkono ukabaki hewani. Akanitazama. Akatazama kiti nilichokalia, kimewekwa peke yake. Nikaona anaelewa, kidogo kidogo, na hakuna kitu nimewahi kukiona kigumu kama hicho. Bosi akamwambia aeleze malalamiko yake. Baba akasema kwa sauti yake ile ya kusikika mpaka barabarani:

"Kabla sijasema lolote, andikeni hili. Huyu ni mwanangu wa kuzaa. Nilikuwa sijui. Malalamiko yangu yako palepale. Mhojini."

Wakubwa wakatazamana. Nilitaka kukasirika, shemeji, nikashindwa. Nilimwona ni mtu mkubwa kuliko wote pale mezani.

Akaitwa Mkunga. Bosi akamuuliza kwa upole, "Mama, huyu kijana alikudokeza kwamba bei itashuka?"

"Anidokeze bei? Huyu?" Kuta zilitikisika. "Angenidokeza bei ningemkumbatia! Alinidokeza kiti! Alinipima kwa macho kama gunia! Mimi nimezalisha nusu ya mji huu, wengine kati yenu mnaokaa hapa nimewakata vitovu, nije niambiwe na mwenye tai kwamba sitoshi? Nilimwambia nauziwa au siuziwi? Anatoa macho tu! Siri gani anayoijua huyo? Hajui hata kuongea na watu!"

Mtu mmoja mwishoni mwa meza alianza kucheka, akajificha kwenye leso. Wa pili akamfuata. Suala la kuvujisha siri lilifia pale pale, hakuna aliyeligusa tena.

Ndipo Bosi akanigeukia. "Kama hukusema siri, kwa nini uliwafukuza?" Ningeweza kuficha. Lakini baba alikuwa ameinama mbele, kiganja nyuma ya sikio, anasubiri kusikia. Nikapaza sauti ili imfikie. Nikasema niliapa kunyamaza, nikanyamaza. Lakini sikuapa kupokea pesa ya mtu Jumamosi huku nikijua Jumatatu atajuta. Nikasema nimeinyima kampuni mauzo manne, nakiri, na adhabu yake naistahili. Kisha nikamgeukia Mkunga nikamwomba radhi kwa neno la kiti.

Mkunga aliketi. Baadaye akainuka, akaja mpaka kwangu, akanishika tai. Nilidhani ananinyonga. Kumbe alikuwa akiiweka sawa. "Mtoto mjinga wewe," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akinong'ona.

Uamuzi watautoa Jumatatu. Sina hakika. Kuna wakubwa wawili wanaosema muuzaji asiyeuza ni wa nini. Lakini kinachoninyima usingizi si hicho. Baba alivaa kofia yake akatoka bila kunitupia neno. Je, njiani alisema nini?

Shati Jeupe


Nyumbani, 14 Aprili

Mwanangu,

Mkwe ameniambia umeuliza nilisema nini njiani. Sikusema kitu. Sikukusemesha pia kule kwa sababu machozi yalinilenga, na sikutaka wale wanaume wenye tai wanione nikiwa hivyo. Nilifanya kazi ya stoo miaka yangu yote, nikiwapa watu vitu kwa haki, na hakuna aliyewahi kunipongeza, kwa hiyo mimi nami sikujifunza kupongeza. Najaribu hapa.

Majirani wananishauri niuze hisa zangu, wanasema kampuni imejipunguzia bei na itakufa. Juzi Jumamosi nilimwomba mkwe anipeleke mpaka kwenye duka lenu, nikakaa ndani ya gari ng'ambo ya barabara asubuhi nzima. Nimewaona wanaoingia. Kijana na mama yake mwenye mkongojo. Dereva wa teksi aliyeshika funguo mpya kwa mikono yote miwili. Mwaka jana watu hao wasingethubutu kusukuma mlango ule. Hisa zimeshuka, kweli. Siuzi hata moja.

Leo asubuhi Bosi wenu alinipigia simu. Nilimwambia aseme polepole, na mkwe akasikiliza pia kwa uhakika. Barua yao utaipata kesho, lakini mimi nimeisikia kwanza. Alisema wamegawanyika kuhusu wewe, na kwamba kwa kuwa mimi ndiye mlalamikaji, wanataka kujua ni adhabu gani itakayoniridhisha.

Nikamwambia mimi ni baba yake, msinisikilize kama baba. Nisikilizeni kama mtu aliyeweka pesa zake za uzeeni kwenu. Nikamwambia: mrudisheni palepale mlangoni, na kila anayeingia kununua akutane naye yeye kwanza. Akanijibu, "Jumatano aje kazini."

Baba yako